Skochi ya Kijivu na Chumba cha Mama

Barthélemy Hitimana wa mtaa wa Katoyi, Goma, alikuwa na mkono mmoja wenye vinyweleo na mwingine usio na hata kimoja. Ule wa kushoto ndio ulikuwa wa majaribio. Kila skochi mpya, yaani ule utepe wa gundi unaouzwa kwa duara, ilipoingia sokoni, Barthélemy aliomba kipande, akakibandika mkononi, akakikandamiza kwa dole gumba, akahesabu hadi ishirini na kuking'oa kwa mpigo mmoja. Kama machozi hayakumlengalenga, alimrudishia muuzaji mali yake na kumweleza kwa upole kwamba hiyo ni karatasi ya kufungia pipi.

Watu walimwita Papa Skochi, naye alilipokea jina hilo kama wengine wanavyopokea cheo. Riziki yake ilikuwa kutengeneza vitu kutokana na vitu vingine. Mahema yaliyochakaa aliyageuza mikoba ya shule, magunia ya nailoni makoti ya mvua, na beseni zilizopasuka zilitoka kwake zikiwa tayari kushika maji tena. Sindano hakuipenda. Sindano, alisema, inakitoboa kitu ili kukiunga, na hiyo ni kazi ya mtu asiyefikiri.

Mapenzi hayo yalikuwa na chanzo. Januari ya mwaka 2002, mlima ulipomwaga moto ukapita katikati ya mji, Barthélemy alikuwa kijana anayepanga chumba karibu na uwanja wa ndege. Alifunga mali yake yote ndani ya shuka, akaizungushia skochi ya kaki, ile ya makatoni, mizunguko kumi na minne, akakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, pamoja na mji mzima. Pale mpakani, katikati ya umati, mzigo ukafunguka. Sahani zikaviringika huku, suruali zikaenda kule, na redio ikakanyagwa na mbuzi wa mtu. Aliporudi baada ya siku chache, chumba chake kilikuwa chini ya mawe meusi ambayo bado yalitoa moshi. Wenzake waliulaumu mlima. Barthélemy alilaumu skochi.

Tangu hapo akaanza kutafuta skochi isiyoachia. Alioa, akajenga nyumba ya mbao Katoyi kama majirani zake wote, na chini ya ukingo wa paa akapigilia boriti moja ambayo haikubeba paa wala chochote cha nyumba. Ilibeba mashindano. Alichagua mawe ya mlima yenye uzito sawa, akayahakikisha kwenye mizani ya muuza maharage, kisha akaning'iniza kila jiwe kwa kipande kimoja cha skochi, urefu wa dhiraa moja. Chini ya kila jiwe aliandika kwa chaki siku lilipotundikwa. Wapita njia walijifunza kupita upande wa pili.

Skochi ya kuonea, ile nyembamba ya maofisini inayopitisha mwanga kama kioo, iliangusha jiwe lake kabla viazi vya mchana havijaiva. Ya kaki ilijitahidi hadi mvua ya kwanza. Nyeusi, ya mafundi umeme, ilileta mgogoro: haikukatika wala haikubanduka, bali ilirefuka, ikarefuka, mpaka siku ya nne jiwe lilikuwa limeketi chini raha mustarehe huku skochi bado imelishika. Je, imeshindwa au haijashindwa? Havugimana, fundi mwashi wa mtaa, alisema imeshindwa. Barthélemy alisema imestaafu. Walibishana juma zima, na kila mmoja alikuwa na watu wake.

Ndipo ikaja ya kijivu. Hiyo ilikuwa na nyuzi za kitambaa ndani yake, nene, yenye harufu kama ya tairi jipya. Aliipata kwa mtu aliyewahi kuosha magari katika kambi ya wanajeshi wa kigeni, na hakuuliza zaidi. Jiwe la skochi ya kijivu lilining'inia miezi minne. Lilinyeshewa, likaungua jua, likapakwa lile vumbi jeusi la Goma ambalo huua gundi nyingine zote kwa siku mbili, na halikusogea. Mwishowe lilianguka, ndiyo, lakini lilianguka na ngozi ya boriti. Ubao ndio ulioachia. Barthélemy aliwaita majirani waje waone, akawashikisha kile kipande mmoja mmoja, na uso wake siku hiyo ulikuwa wa mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Mke wake, Kahambu, alikuwa Munande wa Butembo, mji wa biashara, na kwao watu hawapotezi mchana kutazama mawe. Alipika, aliuza unga, alilea watoto, na kwa matumizi ya nyumbani aliruhusiwa skochi zilizoshindwa tu. Ya kijivu ilikaa ndani ya sanduku lenye kufuli. Kahambu alipohitaji kuziba pakiti ya chumvi, alipewa ile ya kuonea.

"Hii haishike kitu," alisema.

"Njo maana ni ya jikoni," alijibu mumewe.

Mwaka 2012 vita vilimleta mama yake Barthélemy, Nyiramahirwe. Waasi walipoichukua Bunagana, alikoishi, alikimbia na godoro moja, akakaa Mugunga kambini, chini ya hema, hadi mwanawe alipomkuta na kumleta nyumbani kwa mguu. Mwezi Novemba waasi hao hao wakaingia Goma. Risasi moja ikapenya ubao wa ukuta wa mbele, ikatoboa sufuria ya Kahambu, ikatokea ubao wa nyuma na kuendelea na safari zake. Ilipita juu kidogo ya kichwa cha bibi kizee aliyekuwa amelala.

Barthélemy aliyaziba matundu yote mawili kwa skochi ya kijivu, ndani na nje. Halafu akakaa chini akatazama kazi yake, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kupenda skochi akaogopa. Mbao ni nzuri kwa mlima, kwa kuwa unaweza kuzing'oa na kuhama nazo. Kwa risasi, mbao ni pazia tu. Mama yake alikuwa amekimbia vya kutosha. Basi kwa miaka miwili alibana matumizi, akamwita Havugimana, wakaongeza ubavuni mwa nyumba ya mbao chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, kilichopigwa lipu ndani na nje na kupakwa chokaa. Kilikuwa chumba cha Mama. Siku ya kumwingiza alimshika mkono, akaugonga ukuta kwa ngumi.

"Mama, humu risasi haipite."

Nyiramahirwe alimwamini. Huyo mama alimwamini mwanawe katika kila jambo, na mkwewe katika lolote alimwamini kwa nusu. Haikuwa chuki. Katika miaka yote ya kukaa pamoja hakuwahi kumtolea Kahambu neno baya, ila kila Kahambu aliposema mvua inakuja, bibi alimuuliza Barthélemy kama ni kweli, na ndipo alipoanua nguo.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Mei ya 2021, Jumamosi ile mlima ulipolipuka tena. Safari hii moto ulisimama kabla ya kuingia mjini, na Jumapili watu wengi walirudi kutoka walikokimbilia. Nyiramahirwe hakuwa ameondoka. Miguu yake ilikuwa imevimba, na alisema godoro lake limeshatembea vya kutosha. Lakini ardhi ilikuwa haijamaliza. Ilitetemeka asubuhi, ikatetemeka mchana, ikatetemeka watu wakiwa wameshika vijiko. Barabara zilipasuka. Na katika ukuta wa chumba cha Mama, kutoka pembe ya dirisha hadi chini, ulitokea ufa.

Nyumba za mbao zilicheza zikarudi mahali pake, zote. Chumba pekee cha matofali kwenye kichochoro chao ndicho kilichopasuka.

Barthélemy aliutazama ufa huo kama daktari. Alipangusa lipu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akangoja ikauke, akafungua sanduku na kutoa ya kijivu. Alibandika kwa nje vipande vitano, kimoja juu ya kingine kama ngazi, akavisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka vikang'aa. Tetemeko likapita. Akarudi kutazama: skochi haikuwa imesogea hata unene wa unywele. Likapita la pili. Vilevile. Aliwaita majirani. Kufika Jumapili jioni mtaa mzima ulijua kwamba nyufa za Papa Skochi hazitembei, na watu wakaanza kumwomba aje kwao.

Kahambu naye alikuwa na shida yake ndogo. Kwa ndani, ufa ulikuwa unaingiza upepo wenye majivu, na bibi akakohoa. Kwa hiyo alichukua skochi ya jikoni, ile ya kuonea, akaziba. Jumatatu asubuhi alikuta imekatika. Akaweka nyingine. Mchana ilikuwa imekatika. Akaweka tatu pamoja, kwa kuwa alikuwa na hasira, na Jumanne alipoingia na chai ya bibi, zote tatu zilikuwa zimekatika katikati, na kati ya ncha na ncha kidole chake kidogo kiliingia.

Alisimama hapo na kikombe mkononi, akafikiri. Kisha akatoka nje, ambako mumewe alikuwa anapanga vifaa vyake vya kazi ndani ya mkoba.

"Papa Gisubizo," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza kama siku zote, "ule mukuta iko natembea."

"Wapi! Angalia hapa. Ya kijivu haiyasonga."

"Ya ndani imekatika. Mara tatu."

Barthélemy alicheka, na hakukuwa na ubaya katika kicheko chake. "Ya ndani ni ile ya jikoni! Ile haikumaliza hata saa moja na jiwe. Itakosa kukatika?"

"Nani ameikata, sasa? Mutu hakuigusa. Jiwe halikutundikwa. Ilikuwa imebandikwa tu ku mukuta."

"Ni mbovu, basi."

"Njo maana inasema kweli. Ya kwako iko na nguvu sana, inakamata lipu, inanyamaza. Ya kwangu haina nguvu ya kuficha kitu."

Hilo lilikuwa jambo ambalo katika miaka kumi na tisa ya mawe, chaki na mabishano, hakuna mtu aliyelisema mbele ya Barthélemy. Alipaswa kulisikia. Alilisikia, ila kwa namna mtu anavyosikia mwalimu wa chekechea akimweleza askofu sala. Akamwambia Kahambu kwa upole kwamba kulinganisha skochi si kazi ya siku mbili.

"Mama atoke mule," Kahambu alisema. "Alale kwetu ku mbao."

"Na wakianza kupiga masasi? Nilijenga ya nini?"

"Leo hakuna masasi. Leo ni udongo."

Kwa sababu walikuwa wamepandisha sauti, Nyiramahirwe aliita kutoka kitandani. Barthélemy akaingia, akapiga goti kando yake. Mama yake akamtazama usoni.

"Barthélemy, mutoto yangu, nitoke ao nibakie?"

"Bakia, Mama. Humu njo muzuri kuliko kwote."

Akambusu mkono, akachukua mkoba na kwenda. Alikuwa ameahidi kuziba nyufa za watu wanne.

Alikuwa kwenye nyumba ya tatu, kijiko mkononi, akimweleza mwenye nyumba kwa nini ni lazima kutumia mafuta ya taa na si maji, ardhi ilipotikisika kwa nguvu kuliko mara zote. Alishika mlango. Mabati yalilia, mbwa wakanyamaza. Halafu, kutoka upande wa kwao, ukasikika mshindo mmoja mzito, na juu ya paa za mbao likainuka wingu la vumbi jeupe. Vumbi jeupe ni la chokaa. Katika kichochoro chao chokaa ilikuwa kwenye ukuta mmoja tu.

Alikimbia. Kiatu kimoja kilibaki njiani.

Ukuta wa dirisha ulikuwa umeangukia ndani, wote, na paa limeinama juu yake. Kitanda hakikuonekana. Na kitu cha kwanza alichokiona kwenye vumbi, kabla ya tofali, kabla ya paa, kilikuwa skochi ya kijivu. Ilining'inia kwenye pembe iliyobaki, vipande vyote vitano, na kila kipande kilikuwa kimeshikilia mabamba mawili ya lipu, moja huku na moja huku, barabara. Matofali nyuma yake yalikuwa yamekwenda zake. Na kwa pumzi moja tu, jambo ambalo Barthélemy hatamwambia mtu hata akiwekewa kisu, moyo wake ulifurahi: ilishika.

Pumzi iliyofuata ilikuwa kilio. Akajitupa kwenye kifusi, akayarusha matofali nyuma bila kuangalia yanampiga nani, akipiga kelele "Mama! Mama!" mpaka sauti ikakauka. Kucha zilimtoka. Havugimana alikuja akashika upande wa pili, majirani wakaja. Walifika kwenye shuka. Walifika kwenye mto. Barthélemy aliuvuta mto kifuani, akaona hauna damu, akaendelea kuchimba chini ya kitanda kama mtu aliyerukwa na akili.

"Barthélemy, unatafuta nini mule?"

Aligeuka. Mama yake alikuwa amesimama kwenye kichochoro, kitenge mabegani, kikombe cha chai mkononi, ameegemea bega la Kahambu. Nyuma yao alikuwa Mukamugema, jirani wa nyumba ya tano, nyumba ya mbao iliyokuwa imecheza na kurudi mahali pake.

Hakuweza kuinuka. Alitambaa mpaka miguuni pa mama yake, akaikumbatia ile miguu iliyovimba, akalia kwa sauti mbele ya watu wazima na watoto wao. Bibi akaweka mkono juu ya kichwa chake chenye chokaa.

"Aksanti, mutoto yangu," alisema, na akasema kwa sauti ya kutosha ili mtaa usikie. "Mulisikia, ninyi? Asubuhi aliniambia nibakie. Halafu akafikiri mule njiani, akamutuma muke yake mbio aniambie nitoke, niende kwa Mukamugema. Mimi nilikataa. Nikamuuliza Kahambu: amesema yeye mwenyewe? Akaniambia, yeye mwenyewe. Njo nikatoka. Singekuwa na mutoto kama huyu, mungenizika leo."

Barthélemy akainua uso. Kahambu alikuwa anamtazama, bila hasira na bila tabasamu, kama mtu anayengoja kuona maji yatachemka au la.

Si haba, alijaribu. Alipangusa pua kwa kiganja, akasimama, na huyu mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kukubali kosa hata juu ya skochi nyeusi, akasema mbele ya wote:

"Mama, si mimi. Sikutuma mutu. Mimi nilisema ubakie. Ni Kahambu peke yake."

Mukamugema akatikisa kichwa kwa huruma. Havugimana akamshika bega. Minong'ono ikapita: mmemsikia? Hata sifa hazitaki. Anampa mkewe. Kwa kweli Papa Skochi ameguswa na Mungu leo.

"Ni kweli nasema!" alipiga kelele. "Nilimucheka! Muulizeni mwenyewe!"

"Amechoka," alisema Nyiramahirwe. "Mumupe maji. Kahambu, unaona bwana yako vile iko na roho nzuri?"

"Ninaona, Mama," alisema Kahambu, na akaenda kuleta maji.

Usiku huo na siku nyingi baadaye Barthélemy alirudia kusema, na kila aliporudia, heshima yake iliongezeka. Hatimaye Kahambu alimwomba anyamaze. Alisema bibi akijua alidanganywa, siku nyingine hatatoka. Hilo lilikuwa jambo la maana, na Barthélemy akanyamaza, na kunyamaza huko kulimchoma kuliko matusi.

Chumba kilijengwa upya kwa mbao. Mawe yaliendelea kuning'inia kwenye boriti, machache zaidi, na mwenyewe hakuwaita watu tena kuyatazama.

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi waliingia tena. Asubuhi ya Jumatatu milio ilikuwa imekaribia kiasi kwamba huwezi kutofautisha mlio na mwangwi wake. Wote walikuwa wamekaa sakafuni kwenye nyumba ya mbao, watoto wamefunikwa magodoro. Nyiramahirwe, ambaye sasa alikuwa haoni vizuri, alinyoosha mkono mpaka akakuta mkono wa mwanawe.

"Barthélemy, tuende wapi? Sema wewe."

Barthélemy alifungua kinywa. Alimtazama mkewe. Kahambu alionyesha kwa kidevu, kupitia mlango wa nyuma, ule ukuta mnene wa mawe ya mlima uliogawa kiwanja chao na cha jirani, na mfereji mkavu chini yake.

"Mama," alisema Barthélemy, "mimi nasema twende nyuma ya mawe."

Bibi akaanza kuinuka hapo hapo, bila swali, kwa kuwa mwanawe alikuwa amesema. Kahambu akamshika mkono mmoja, Barthélemy akamshika mwingine, wakatoka wameinama, watoto wakiwafuata.